Kabla Hujauliza Bei ya Kiti Mwendo

Watu wakipata namba yangu ya simu, swali la kwanza ni lile lile: kiti mwendo kinauzwa bei gani? Anapiga mtoto wa mzee aliyepata kiharusi, anapiga mwalimu mwenye mwanafunzi asiyetembea, na siku hizi wanapiga hata walioko Dar es Salaam au nje ya nchi wanaotaka kusaidia kijiji walikozaliwa. Nami huwajibu kwa swali: huyo atakayekikalia, nyonga zake zina upana gani? Kimya. Wengine hudhani simu imekatika. Nikiongeza kuuliza mlango wa nyumba una upana gani, choo kiko wapi, nani atakuwa anamsukuma, na tairi likipasuka litapelekwa kwa fundi gani, wapo wanaokasirika na kuniambia wana hela mkononi, mimi nawazungusha tu.

Siwazungushi. Nimekaa kwenye kiti mwendo tangu nilipoanguka kutoka juu ya mkwaju nikichuma ukwaju wa kupeleka soko la Kibaigwa, na kiti changu cha kwanza nusura kiniue. Hayo ndiyo nayaeleza hapa, pamoja na niliyoyaona baadaye nilipoanza kuzunguka vijijini, ili anayetaka kununua, kuomba au kugawa viti ajue anaingia wapi.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, ndani kabisa ukishaiacha barabara kuu ya Morogoro. Ardhi yetu ni mchanga, makorongo na mbigili. Hospitalini daktari aliniambia uti wa mgongo umevunjika chini kidogo ya mbavu. Kuanzia kiunoni kushuka chini sisikii kitu. Ukiniwekea kaa la moto juu ya paja nitajua kwa harufu ya nyama inayoungua. Wiki za mwanzo nililala chali, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia ndugu zangu kwamba mgonjwa wa namna yangu anageuzwa ubavu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, niliondoka wodini na kidonda juu ya mfupa wa mkia. Kama una mgonjwa wa uti wa mgongo kitandani leo, hata kabla ya kuwaza kiti, anza na hilo la kumgeuza.

Kiti kilinunuliwa kwa mchango. Mjomba aliuza mbuzi, kanisani walipitisha kapu, na mdogo wangu akaenda mjini kwenye duka la vifaa vya hospitali akarudi na kiti cha kukunja, kinang'aa, cha kukalia kikiwa kitambaa kizito cheusi kama ngozi. Kijiji kizima kilikuja kukitazama. Mimi mwenyewe nililia kwa furaha, na sitaki kuidharau furaha ile, maana watu walijinyima.

Ni kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya korido za hospitali, zenye sakafu laini, na mgonjwa anayesukumwa na muuguzi kutoka wodi hadi chumba cha picha. Sisi tulikipeleka Kongwa. Magurudumu madogo ya mbele yalizama mchangani mara tu tuliposhuka kwenye gari. Nilipojaribu kujisukuma kwa nguvu kiti kikasimama ghafla na mimi nikaendelea mbele, nikaangukia uso. Kilikuwa kipana mno: ningeweza kutia ngumi kila upande wa nyonga na nafasi ikabaki. Kwa hiyo nilikaa nimeegemea kulia ili nisiyumbe, kutwa nzima, uzito wote kwenye kalio moja. Na kitambaa cha kukalia kililegea upesi kikawa bembea.

Nyumba yetu wakati huo ilikuwa tembe. Mlango tuliupanua, na wa udongo hausumbui. Choo ndicho kilichonitoa machozi ya pili. Kilikuwa cha shimo, nyuma ya zizi, na kiti hakikufika. Mdogo wangu alinibeba mgongoni kila siku. Ukiwa mwanamume mwenye mke na watoto, ukabebwa kwenda chooni na mtu uliyemfundisha kuvaa kaptula, unaanza kupunguza chakula na maji ili usimsumbue. Nilipunguza maji, nikapata maambukizi ya mkojo. Baadaye nilikuja kuona jambo hilo kwa wengi, hasa akina mama: kiti hakifiki chooni, basi mwenye kiti hanywi maji.

Kidonda cha pili kilianza kwenye mfupa wa kalio la kulia. Sikukisikia. Mke wangu ndiye aliyenusa harufu usiku mmoja akawasha taa. Kwa nje palionekana padogo, mfano wa sarafu. Kwa ndani kilikuwa kimeshachimba hadi mfupani. Nilirudi hospitali, safari hii nikakaa kwa miezi. Tuliuza maksai wa kulimia, wote wawili, na gharama za kidonda zilipita mbali bei ya kiti. Jirani yangu wa kitanda, kijana aliyepata ajali ya bodaboda, alikuwa na vidonda viwili kama changu. Sumu iliingia kwenye damu akafa, na watu waliokuja msibani walisema amekufa kwa ajali ya pikipiki.

Hapo hospitali ndipo nilipokutana na mtu wa kwanza aliyenipima. Alikuwa mama mmoja mtaalamu, aliyesomea TATCOT, kile chuo kilichopo KCMC Moshi kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Hakuanza na mwili wangu. Alianza kwa kuniuliza naishi wapi, barabara ikoje, nalala kitandani au chini, nataka kufanya kazi gani, nasafiri kwa chombo gani. Nikamwambia nasafiri kwa Noah za kubanana. Akaandika. Nikamwambia sitaki kubebwa chooni tena. Akaandika hilo pia, akalipigia mstari.

Upimaji wenyewe nitaueleza taratibu, kwa sababu unaweza kufanyika hata kijijini na watu wengi hudhani unahitaji mashine. Mtu anakalishwa wima kwenye benchi gumu, miguu imekanyaga vibao au matofali ili magoti yakae usawa. Unaweka vitabu viwili vigumu, kimoja kila upande wa nyonga, unapima kati yao kwa futi ya fundi cherehani: huo ndio upana wa kiti. Usiongeze nafasi ya "kunenepa baadaye." Kisha unapima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, miguu yote miwili, unachukua ule mfupi zaidi na kupunguza sentimita 3 hadi 6, kusudi ukingo wa kiti usichome nyuma ya goti. Kiti kikiwa na kina kirefu mno mtu huteleza mbele akakalia mfupa wa mkia, nao ndio mwanzo wa kidonda. Halafu nyuma ya goti hadi kisigino, ukitoa unene wa mto, kwa ajili ya mahali pa kuwekea miguu. Pakiwa juu mno magoti yanainuka na uzito wote unahamia kwenye makalio. Pakiwa chini mno miguu inaning'inia. Mwisho egemeo la mgongo: kama mimi, mwenye nguvu za kifua na mikono, likiishia chini ya mbavu inatosha, na mabega yanabaki huru kusukuma. Asiyeweza kujizuia kiwiliwili anahitaji la juu zaidi.

Baada ya hapo kuna kipimo cha mkono ambacho nimekifundisha kwa watu kuliko kitu kingine chochote. Mtu akishakaa kwenye kiti chake na mto wake, mwombe ruhusa, mwambie ainamie mbele kidogo, ingiza vidole kati ya mto na mfupa wa kalio, kisha akae wima. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini, mto unafanya kazi. Ukishindwa kuzichezesha lakini vidole vinachomoka bila taabu, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa barabara, mto huo haufai, usimruhusu aondoke nao. Fanya pande zote mbili. Mwanamke apimwe na mwanamke, na ueleze kwanza unachotaka kufanya. Nimeshuhudia vijana wa kujitolea wakimshikashika mzee wa watu bila hata kumsalimia.

Kuhusu mto, nina ukali kidogo. Watu watachangia kiti cha laki kadhaa halafu mto wanamwachia Mungu. Kwa mtu asiyesikia makalio, mto ndio dawa yenyewe. Mzuri wa bei nafuu ni wa sponji ngumu iliyochongwa kibonde mahali panapokaa mifupa ya makalio, juu yake tabaka laini, na foronya ya kitambaa kinachopitisha hewa. Sponji inachoka. Ukiiminya kwa gumba ikakaa bapa bila kuinuka, tupa. Ikilowa, kausha kivulini, maana jua la Dodoma linaisaga ikawa unga. Na tafadhali, msimkalishe mgonjwa kwenye tyubu ya gari iliyojazwa upepo mkidhani mnamwinua juu ya kidonda. Ule ukingo wa duara unabana damu isifike katikati. Nimekuta hilo katika nyumba zaidi ya moja, na lilifanywa kwa upendo kabisa.

Hata mto mzuri hautoshi peke yake. Mimi kila baada ya kama nusu saa nainamia mbele, kifua juu ya mapaja, nakaa hivyo huku nikijifanya natafuta kitu chini, au naegemea upande huu kisha ule. Jioni natumia kioo cha pembeni cha pikipiki iliyokufa kujikagua makalio. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mahali palipokolea weusi zaidi, panapong'aa, au penye joto kuliko pengine. Nikikuta doa, silikalii. Nalala kifudifudi mpaka liishe, hata kama ni siku ya gulio na duka langu linafungwa.

Kiti nilichopewa mara hiyo kilikuwa cha magurudumu matatu, moja la mbele kubwa na nene, lililosogezwa mbali mbele ya miguu. Mchangani kinapita, korongoni kinapita nikijua njia. Ndani ya nyumba ni taabu kwa sababu ya urefu wake, na kona za tembe zilinishinda hadi tulipojenga chumba cha tofali. Kila kiti kina mahali kinapokukosea. Ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kukanyagiwa kwa mikono, ambayo wengi wetu tunaiona mijini ikibeba biashara, ni nzuri kwa safari ndefu, lakini haiingii ndani, na mwenye mgongo dhaifu haimfai hata kidogo. Mtu wa mjini mwenye sakafu ya saruji na ofisi, mpe cha magurudumu manne kifupi, atageuka ndani ya choo bila shida.

Nilipenda nilipoambiwa kwamba viti vya maeneo kama yetu vilianzishwa kwa sehemu kubwa na watu wanaovikalia. Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, ndiye aliyeanzisha Whirlwind, kazi ya kubuni viti vya njia mbovu, akishirikiana na mafundi wa Nikaragua na nchi nyingine. David Constantine, Mwingereza aliyevunjika shingo akiwa kijana, ni mmoja wa walioanzisha Motivation mwaka 1991, shirika ambalo viti vyake vya magurudumu matatu vimefika hadi huku kwetu. Hata kile kiti cha kuendeshwa kwa nyenzo, yaani kwa kusukuma fimbo mbili kwa mikono, kilichobuniwa na Amos Winter wa chuo cha MIT cha Marekani kilianza baada ya yeye kuja Tanzania mwaka 2005 kuangalia hali ya viti. Ukikaa kwenye kitu unajua kinakuuma wapi.

Nilipopona vizuri nilifungua kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha. Yule mama mtaalamu akaniita nikasaidie kufundisha wapya: kujiinua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kupanda kizingiti kwa kuinua magurudumu ya mbele, kushuka mteremko mkali kinyumenyume na mtu nyuma yako. Mgonjwa mpya akifundishwa na mtu mzima wa miguu anaitikia tu. Akiniona mimi nimeanguka makusudi na kurudi kwenye kiti mwenyewe, anaanza kuuliza maswali, na mengi si ya kiti. Anauliza kama mke atabaki.

Ndipo likaja lile jambo la viti vya msaada. Sitataja aliyevileta, alikuwa na moyo mzuri na bado namheshimu. Viti vilishushwa kwenye uwanja wa shule, vyote vya aina moja, kukawa na maturubai, ngoma, hotuba, na wenye ulemavu tukapangwa mbele juani tangu asubuhi. Kila jina lilipoitwa mtu alinyanyuliwa, akawekwa, akapigwa picha. Hakuna aliyepimwa. Jioni gari zikaondoka na vumbi lake. Hakuna anayegawa miwani kwa kupanga watu foleni, lakini viti vinagawiwa hivyo hivyo, na sote tulipiga makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele.

Baada ya mvua moja kupita, mimi na wenzangu wachache wa kikundi chetu tuliamua kuvifuata nyumba kwa nyumba na daftari. Tulikuta kimoja kimening'inizwa darini kisichafuke. Kingine kilikuwa kinabebea maji ya kisimani, madumu manne kwa mkupuo, na mwenyewe amekaa kwenye mkeka. Vingi vilikuwa na pancha za mbigili na hakuna tyubu ya saizi ile hata Dodoma mjini. Bibi mmoja alikuwa ameanza kidonda. Na binti mdogo wa jirani yangu, mwenye mtindio wa ubongo, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, amefungwa khanga kifuani asidondoke.

Huyo binti nitamrudia. Kwanza hivyo viti. Tuliona kwamba badala ya kulaumu, tuvipange upya: mwembamba aliyepewa kipana abadilishane na mnene aliyebanwa. Ni wazo zuri kwenye daftari. Nyumba ya kwanza tu bibi alitupokea kwa "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, ya upole, akatupa na vigoda, lakini alipoelewa tulichofuata akasimama mlangoni na mwiko: "Mjukuu wangu kapewa na mkubwa mbele ya kamera. Wewe ni nani uje kumnyang'anya?" Alikuwa na haki. Watu hawa hupewa mara moja maishani, halafu anatokea mtu na daftari. Tulikubaliana kuanzia siku ile kwamba hakuna kiti kinachotoka kabla kingine hakijaingia na kukaliwa, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Vichache tulivikata na kuvichomelea upya kwa fundi wa mageti, tukivipunguza upana. Jambo hilo silipendekezi kama huna mtaalamu wa kukuelekeza, maana kiti kikipinda kidogo tu kinavuta upande mmoja na kumchosha mtu bega.

Katika pilikapilika hizo ndipo nikaonyeshwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa mwaka 2008, unaohusu viti mwendo vya kusukuma kwa mkono katika maeneo yenye uwezo mdogo. Unataja hatua 8: kumpata mtu na kumpa miadi, kumpima na kumsikiliza, kuchagua kiti naye, kupata fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kumjaribisha na kurekebisha, kumfundisha yeye na wanaomtunza, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Nilipoisoma orodha ile nilicheka. Pale uwanjani tulifanya ya nne, tukaruka zote, tukamalizia na picha. Mwaka 2012 shirika hilo lilitoa pia mafunzo ya ngazi ya msingi yanayoweza kufundishwa kwa muda mfupi wa siku chache kwa wahudumu wa afya wa kawaida. Nayataja kwa sababu mfadhili akikuuliza afanye nini zaidi ya kununua viti, kulipia wahudumu wawili wa wilaya wakasome hayo ni jibu zuri sana.

Sasa yule binti. Mama yake alikuwa akimlisha amelazwa mapajani, kichwa nyuma, na kila mlo ulikuwa vita: kupaliwa, kukohoa, homa za kifua. Ile khanga ya kifuani ilikuwa hatari kuliko kuanguka kwenyewe, kwa sababu mtoto akiteleza chini hupanda hadi shingoni. Mkanda wa kumshikilia mtoto unapita kwenye nyonga, chini, kwa pembe, ukivuta makalio nyuma kabisa ya kiti. Nyonga zikishatulia ndipo kifua na kichwa hufuata. Tulimpeleka kwa wataalamu. Wakamtengenezea kiti chenye vizuizi vya pembeni, meza ya mbele na mahali pa kuegemeza kichwa, wakamfundisha mama kumlisha akiwa amekaa wima, kidevu kikielekea kifuani kidogo. Homa zilipungua. Mama alisema kilichomshangaza ni kwamba binti anamwangalia. Tangu azaliwe alikuwa anaangalia dari. Kwa watoto hawa usifanye majaribio ya kijijini. Ninayoyajua mimi kuhusu kupima yanatosha kwa mtu anayeweza kukaa mwenyewe, hayatoshi kwa huyu, na ninamwambia hivyo kila mzazi anayeniletea mtoto kibandani.

Baba yake alikuwa amekataa kabisa tusimtoe nje. Alisema watu watasema. Sikumhubiria. Nilimwomba aje anisaidie kukaza nati za kiti changu, akaja, akaja tena, na sasa ndiye anayemsukuma binti hadi kisimani jioni akiwa na wenzake wakicheka.

Matengenezo ndiyo yanayosahaulika, na kwetu mbigili hazisahau. Kwa hiyo kabla hujapokea kiti chochote, soma namba ya tairi ubavuni. Kama ni ya inchi 26, ile ya baiskeli za kawaida za milimani, tyubu yake ipo hadi gulioni, na kuziba pancha kwangu ni kama shilingi 1,000. Kama ni ile nyembamba ya viti vya hospitali, andaa tairi za akiba tangu siku ya kwanza. Tairi za mpira mtupu hazipati pancha, ila ni nzito, zinazama, na zikichanika hakuna wa kuzishona. Angalia pia beringi: mchanga unazila, na kama si za namba inayouzwa kwenye maduka ya vipuri, kiti kitalala. Sisi tulimchukua fundi baiskeli wa kijiji tukamkalisha nasi kwenye mafunzo, tukamlipa posho kama wengine. Alikuwa hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote. Kila mwezi anapitia nati, spoki na breki, anatia mafuta, na anaweza kuniambia kiti cha nani kinaanza kupinda kabla mwenyewe hajajua.

Fedha, basi. Kiti ni gharama moja tu. Nauli ya kwenda kupimwa na kurudi kuchukua, kwa watu wawili, kwetu imewazuia wengi kuliko bei ya kiti. Kuna mto, na mto wa pili baada ya mwaka mmoja au miwili. Kuna njia ya mteremko mlangoni, mifuko kadhaa ya saruji, na choo. Sisi tunamwambia mchangiaji: ukitenga hela ya kiti, ongeza nusu yake tena kwa hayo, la sivyo nunua viti vichache. Wengine huondoka. Kikundi chetu kina mfuko mdogo kwa mtindo wa vikoba, kila Jumapili kidogo kidogo, ambao hulipa tyubu na nauli za dharura. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, imetusaidia kwa biashara. Kiti hakikopewi pale, lakini mwenye biashara hampigii mtu magoti tairi likipasuka. Na ukienda kwa ofisa ustawi wa jamii, nenda na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mkononi. Ukiitaja kwa upole, faili lako linapanda juu ya mengine.

Kwa aliye Dar es Salaam au Ulaya anayetaka kutuma viti vilivyotumika: tuma kwanza picha, vipimo na namba za tairi, sio kontena. Kama kuna hospitali karibu na kijiji chako yenye mtu aliyesomea viti, mpigie yeye kabla ya kumpigia mwenyekiti wa kijiji. Na uulize nani atarudi kuwaona watu hao baada ya miezi mitatu. Jina moja linatosha, ila liwepo.

Binti wa jirani yangu amerefuka. Magoti yamepita ukingo wa kiti, meza inambana tumbo, na inabidi apelekwe kupimwa tena kabla ya mvua kukata barabara. Kiti chake cha sasa kimeshapata mtoto wa kukirithi kijiji cha pili, ambaye naye lazima apimwe kwanza. Dereva wa Noah anadai nauli ya watu watatu: mama, mtoto na kiti. Nimemwambia kiti hakijawahi kumwomba dirisha. Amecheka, lakini hajapunguza, kwa hiyo Jumapili tutaangalia mfuko una kiasi gani.